Besi ya programu inapogeuka kinanda: tatizo liko kwenye mikono, si kwenye sampuli

Swali la msomaji: Natengeneza muziki kwa kompyuta na sina mpigaji wa gitaa la besi. Nina programu ya besi yenye sampuli nzuri (rekodi za noti za gitaa halisi). Nikibonyeza noti moja moja, inasikika kama gitaa kabisa, lakini nikishaandika mstari mzima inageuka kinanda. Nimebadilisha ampu (kikuza sauti), nimeongeza kompresa (inayosawazisha nguvu ya sauti), na hali ni ileile. Je, ninunue programu nyingine? Na kuna wimbo mmoja wa funk nataka uwe na slap, yaani upigaji wa kugonga na kuvuta nyuzi, nifanyeje?

Jibu: Usinunue bado. Swali lako lina jibu ndani yake: noti moja inasikika vizuri, mstari ndio unaoharibika. Ubora wa noti moja ni kazi ya aliyetengeneza programu. Mstari ni kazi ya anayeuandika. Kwenye kinanda kila kibonye kinajitegemea: kinalia ukikibonyeza, kinanyamaza ukikiachia, na hakijali noti iliyotangulia ilikuwa wapi. Besi ina nyuzi nne, mkono mmoja unaobana na vidole viwili vinavyopiga, na kila noti inabanwa na ile iliyo kabla yake. Mstari ulioandikwa bila kuifikiria mikono hiyo utasikika kama kinanda hata kwenye programu ya gharama kubwa kuliko zote.

Anza kwa kuhakiki oktava (umbali kati ya noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu), maana makosa mengi yanaanzia hapo. Besi ya nyuzi nne ikiwa imetyuniwa kawaida ina E ya Hz 41.2 (mitetemo kwa sekunde), A ya Hz 55, D ya Hz 73.4 na G ya Hz 98. Kwa namba za MIDI, mfumo wa kompyuta wa kuandika noti, hizo ni 28, 33, 38 na 43. Tumia namba badala ya majina, kwa sababu noti 28 huitwa E1 kwenye programu moja na E0 kwenye nyingine, na hapo ndipo watu wanapoandika besi oktava nzima juu au chini bila kujua. Chini ya 28 hakuna noti kwenye besi hiyo. Ukitaka kushuka zaidi unahitaji besi ya nyuzi tano, ambayo uzi wake mnene ni B, namba 23, Hz 30.9. Jambo jingine: programu nyingi zimeweka vibonye vya amri kwenye eneo hilo la chini, vile vinavyobadilisha namna ya upigaji kutoka vidole kwenda piki (kipande cha kupigia nyuzi), au kutoka sauti wazi kwenda sauti iliyozimwa kwa kiganja. Mstari wako ukigusa huko kwa bahati mbaya, besi inabadilika katikati ya wimbo nawe unaanza kutafuta hitilafu kwenye kompresa.

Sasa tuje kwenye nyuzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. Noti ileile inapatikana katika nafasi zaidi ya moja. Chukua E ya Hz 82.4, namba 40. Unaipata kwenye uzi wa D freti ya 2 (freti ni vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), kwenye uzi wa A freti ya 7, na kwenye uzi wa E freti ya 12. Kimo ni kilekile, sauti ni tatu tofauti. Kwenye uzi wa D ni angavu na imekaza. Kwenye uzi wa E ni nene, ina giza, na inafifia mapema kwa sababu kipande cha uzi kinachotikisika ni kifupi na uzi wenyewe ni mnene. Programu isipoelekezwa huchagua yenyewe, mara nyingi freti za chini, na inaweza kuruka kutoka uzi hadi uzi ndani ya sentensi moja ya muziki. Sikio la msikilizaji halijui freti, lakini linasikia kwamba rangi ya sauti imebadilika bila sababu.

Kanuni ya vitendo: gawa mstari wako katika vipande, na kila kipande kikae ndani ya upana wa freti nne hivi. Huo ndio upana ambao mkono unafunika bila kuhama. Mpigaji akitaka oktava hakimbii kwenye uzi uleule. Kwenye besi yenye urefu wa kawaida wa inchi 34, kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya 12 ni inchi 17, yaani zaidi ya sentimita 43. Badala yake anavuka nyuzi mbili na kupanda freti mbili: F ya uzi wa E freti ya 1, oktava yake iko uzi wa D freti ya 3, chini ya kidole kingine cha mkono uleule. Ndiyo maana mirindimo ya oktava inatiririka kwenye besi halisi. Ukikuta mstari wako unadai mkono uruke sentimita 40 ndani ya milisekunde 150, ama badilisha uzi, ama weka pumziko fupi kabla ya mruko, ama funika mruko kwa slaidi, yaani kuburuza kidole juu ya uzi. Mpigaji wa kweli angefanya moja kati ya hayo matatu.

Programu zinazostahili kuitwa halisi zina njia ya kulazimisha uzi au nafasi ya mkono, kwa kibonye cha amri au kwa kuchora kwenye picha ya shingo ya gitaa. Fungua kitabu cha maelezo cha programu yako utafute hilo kabla ya kitu kingine chochote. Na uwe mwangalifu na uzi ulioachwa wazi. E na A wazi zinatumika sana, lakini hulia kwa uangavu na kwa muda mrefu kuliko majirani zake, haziwezi kutiwa mtetemo wa kidole, na hazinyamazi zenyewe mkono unapohama. Kwenye mstari laini, A ya freti ya 5 ya uzi wa E karibu kila mara ni chaguo bora kuliko A wazi.

Kisha kuna mwisho wa noti. Ningekuwa na nafasi ya kukufundisha jambo moja tu kuhusu besi, lingekuwa hili. Watayarishaji wengi hutumia muda wao wote wakirekebisha noti inaanza lini na ina nguvu kiasi gani, halafu wanaacha urefu wake ujaze gridi (mistari ya mapigo kwenye skrini). Mpigaji besi anaamua mwisho kwa makusudi uleule aliouamulia mwanzo. Kwenye midundo mingi anaiacha noti ilie chini ya kiki (ngoma kubwa ya mguu), kisha anaikata sekunde ileile sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali) inapopiga, au kidogo kabla yake. Ukimya huo ndio unaoifanya sneya isikike kubwa. Jaribu: chukua mstari wako, kata kila noti inayovuka pigo la 2 na la 4 ili iishie milisekunde 10 hadi 20 kabla ya sneya, usiguse kitu kingine, kisha sikiliza. Mara nyingi mabadiliko hayo peke yake yanaondoa nusu ya ile sauti ya kinanda.

Urefu una kazi nyingine ya kiufundi. Programu nyingi za besi, zikikuta noti mbili zimepandiana hata kwa milisekunde chache, huelewa kwamba noti ya pili haikupigwa na mkono wa kulia bali imegongwa na kidole cha mkono wa kushoto, yaani legato. Noti ya pili inatoka laini, bila mgoto wa mwanzo. Ukiwa umeingiza mstari kwa kinanda ukiburuta vidole, nusu ya noti zako zitakuwa zimegeuka legato bila kukusudia, na mstari utasikika kama umepakwa mafuta. Kwa hiyo acha mwanya wa milisekunde 10 hadi 20 kati ya noti unazotaka zipigwe, na pandanisha kwa makusudi, milisekunde 10 hadi 30, zile tu unazotaka zigongwe. Legato ya kweli hutokea kwenye uzi mmoja, na kwa umbali ambao kidole kinafika: nusu toni moja hadi nne hivi. Legato ya oktava haipo kwenye mikono ya mtu.

Upande wa nguvu ya kila noti, ile velositi ya 1 hadi 127, wengi wanakosea kwa kuitawanya mno. Mpigaji besi mzuri ana mkono tulivu. Weka noti za kawaida kati ya 80 na 100, misisitizo 105 hadi 112, na noti za kupitia 65 hadi 78. Usifike juu ya 120 mpaka ujue kinachotokea huko, kwa sababu programu kadhaa zimepanga sampuli za uzi unaogonga freti, au hata slap, kwenye tabaka la juu kabisa. Pia usitumie kitufe cha kutawanya velositi ovyoovyo. Kutofautiana kwa mkono kuna mpangilio: kidole cha shahada na cha kati vinapokezana, na kimoja kawaida kina nguvu kidogo kuliko kingine. Noti nane zinazofuatana zikiwa na 94, 87, 92, 86, 95, 88, 91, 85 zinasikika kama vidole viwili. Zikiwa na 71, 103, 88, 110, 64 zinasikika kama ajali. Na mpigaji anaposhuka kutoka uzi mwembamba kwenda uzi mnene, mara nyingi anaburuta kidole kilekile kipige nyuzi zote mbili. Noti ya pili basi ipunguzie velositi 6 hadi 10.

Noti inayorudiwa ina mtego wake. Watengenezaji hurekodi sampuli kadhaa za noti ileile kwa nguvu ileile, na programu inazizungusha kwa zamu. Pima yako: andika noti ileile mara 12, velositi ileile, urefu uleule, usikilize bila ala nyingine. Ukisikia mchoro unajirudia kila baada ya noti mbili au tatu, sampuli za zamu ni chache, na mstari wa noti za nane (za nusu pigo) utasikika kama cherehani. Dawa yake ni kuingiza noti bubu, kubadilisha urefu, na pale inaporuhusu kuhamisha noti moja kwenye uzi mwingine.

Noti bubu ni zile ambazo mkono wa kushoto umegusa uzi bila kuubana, zikatoa tik tu isiyo na kimo. Kwenye programu huwa na kibonye chake cha amri. Zipe velositi 35 hadi 60 na urefu wa milisekunde 50 hadi 80, uziweke kwenye nafasi ya noti ya kumi na sita (robo ya pigo) kabla tu ya noti nzito. Mbili au tatu kwa baa mbili (baa ni kundi moja la mapigo) zinatosha. Hazisikiki kama noti ndani ya wimbo; zinasikika kama mtu.

Kuhusu muda: tempo ikiwa mapigo 100 kwa dakika, noti ya robo ina milisekunde 600, ya nane 300, ya kumi na sita 150. Gridi ya programu ikiwa na tiki 960 kwa robo, tiki moja ni milisekunde 0.625, kwa hiyo milisekunde 10 ni tiki 16. Besi iliyotulia nyuma kidogo ya kiki, milisekunde 5 hadi 15, inaleta uzito; iliyo mbele kwa milisekunde 5 inaleta haraka. Chochote unachochagua kishikilie wimbo mzima. Msikilizaji husikia besi iliyo nyuma daima kama hisia, na besi inayoyumba huku na huku kama mpigaji asiyejua. Mtawanyo wa ziada usizidi milisekunde 3 hadi 5.

Kabla ya kusogeza chochote, hakikisha sampuli zenyewe hazijachelewa. Maktaba nyingi huacha mkwaruzo mdogo wa kidole kabla ya noti kulia, na hilo ni jema kwa uhalisia, lakini linaisogeza noti nyuma. Geuza wimbo wa besi kuwa sauti, ikuze picha ya wimbi, uulinganishe na kiki. Ikiwa kilele cha besi kinakuja milisekunde 12 baada ya kiki wakati kwenye gridi ziko pamoja, tayari umeshapata ucheleweshaji wako bure. Au usogeze wimbo mzima wa besi mbele, uanze mapema kwa kiasi hicho, kisha uanze hesabu upya.

Nikupe mfano mmoja uukopi kama ulivyo. Tempo 100, baa moja ya mapigo manne, kiki kwenye 1 na 3, sneya kwenye 2 na 4. Mkono uko nafasi ya freti ya 3. Pigo la 1: A namba 33, uzi wa E freti ya 5, velositi 101, urefu milisekunde 280. Nusu ya pili ya pigo hilo: A tena, velositi 85, urefu 200 tu ili iishe kabla ya sneya. Pigo la 2: kimya, besi haipigi kabisa. Nusu ya pigo la 2: A, velositi 88, urefu 120. Kumi na sita ya mwisho kabla ya pigo la 3: noti bubu, velositi 45, urefu 60. Pigo la 3: A, velositi 98, urefu 400. Pigo la 4: C namba 36, uzi wa A freti ya 3, velositi 90, na nusu yake ya pili D namba 38, uzi wa A freti ya 5, velositi 72, ikiwa imepandiana na C kwa milisekunde 20 ili igongwe. Noti zote tatu, A, C na D, ziko chini ya vidole bila mkono kuhama, na kugonga C hadi D kunawezekana kwa sababu ziko uzi mmoja. Ukiicheza baa hiyo kisha ukaweka C kwenye uzi wa E freti ya 8, utasikia sentensi ikivunjika.

Slaidi na mtetemo zinahitaji onyo fupi. Besi ya kawaida ina freti, kwa hiyo slaidi yake inapanda kwa ngazi za nusu toni, si kwa mteremko laini. Ukitumia gurudumu la kupinda kimo kuiga slaidi, unapata besi isiyo na freti. Tumia slaidi iliyorekodiwa au iliyoundwa ndani ya programu. Slaidi ya kuingia kwenye noti huchukua milisekunde 80 hadi 200. Ile ya kumalizia, inayoshuka ovyo mwishoni mwa kifungu, ni nzuri mno, ndiyo maana isitumike kila baa nne. Mtetemo nao: kidole kinapousukuma uzi pembeni kwenye freti, kimo kinaweza kupanda tu. Gurudumu likishuka chini ya sifuri, umeshatoka kwenye gitaa. Ukiwa na kipimo cha senti (100 kwa nusu toni), usizidi 10 hadi 20, na uanze baada ya noti kukaa, si mwanzoni.

Baada ya hayo yote, ndipo swali la programu nyingine lina maana. Kuna familia mbili. Ya kwanza ni ya sampuli: gitaa halisi limerekodiwa noti kwa noti, uzi kwa uzi. Trilian ya Spectrasonics, iliyotoka mwaka 2009, ni ya aina hii na inachukua zaidi ya gigabaiti 30 kwenye diski. Ya pili ni ya hesabu: kompyuta inauhesabu uzi, pikapu (kinasa sauti cha gitaa) na mahali kidole kinapopiga, bila rekodi ya noti. MODO BASS ya IK Multimedia ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Ya sampuli huwa na sauti yenye nyama zaidi kwenye noti inayolia peke yake. Ya hesabu haina tatizo la cherehani kwa sababu kila noti inahesabiwa upya, inakuruhusu kubadilisha unene wa nyuzi na kusogeza mkono karibu na daraja (zinapoishia nyuzi kwenye mwili wa gitaa), na haijazi diski, ila inachosha zaidi kichakataji cha kompyuta. Kwa mistari yenye noti nyingi za haraka ningechagua ya hesabu. Kwa wimbo wa taratibu wenye nafasi, ya sampuli.

Ukitaka kulinganisha bila kutoa hela, Ample Bass P Lite II ya Ample Sound ni bure na imetokana na sampuli za Fender Precision. Ina noti chache na namna chache za upigaji kuliko ile kamili, lakini inatosha kufanyia majaribio yote niliyoyaeleza hapo juu. EZbass ya Toontrack ni jambo jingine: nguvu yake iko kwenye kuandika mstari, inaweza kufuata ngoma zako na kukupendekezea mahali pa kupiga. Inamsaidia mtu anayekwama kwenye utunzi zaidi ya anayekwama kwenye sauti.

Unapokagua programu yoyote, maswali ninayoyapa uzito ni haya. Je, inanipa sauti kavu, iliyotoka kwenye pikapu moja kwa moja bila ampu? Je, naweza kuchagua uzi? Je, ina sauti ya uzi unapoachiliwa, na naweza kuipunguza bila kuizima? Ikikosa la kwanza, iache. Pia chagua gitaa kulingana na wimbo. Precision, iliyotoka mwaka 1951, ina pikapu moja katikati, na sauti yake nene inakaa kwenye mchanganyiko bila kubembelezwa. Jazz Bass ya mwaka 1960 ina mbili. Ukifungua ya nyuma zaidi unapata mngurumo wa kati unaotambulika hata kwenye spika ndogo. Nyuzi nazo zina usemi: zilizosokotwa bapa pamoja na kiganja kinachozima kidogo zinafaa rege na soul ya zamani, na nyuzi mpya za mviringo zinafaa rock na slap.

Kwenye kuchanganya, hatua ya kwanza ni kuzima kila kilichokuja na programu: ampu, korasi, mwangwi, kompresa. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuweka ampu juu ya sauti ambayo tayari imepita kwenye ampu. Hata ile ampu uliyobadilisha huenda ilikuwa ya pili kwenye foleni. Kisha kata chini ya Hz 30 kwa upole. Besi ikiwa na ukungu, tafuta kati ya Hz 200 na 300 upunguze desibeli 2 au 3. Ikikosa kusikika, usikimbilie chini. Tafuta mgoto wa vidole kati ya Hz 700 na 1,000. Kelele za nyuzi ziko Hz 2,000 hadi 4,000. Kompresa iwe uwiano wa 4 kwa 1, ishike baada ya milisekunde 20 hadi 30 ili mgoto upite, iachie kwa 80 hadi 150, na sindano ishuke desibeli 3 hadi 6 kwenye noti nzito. Kompresa inayoshika kwa milisekunde 1 inaula ule mgoto ulioutafuta kwenye velositi.

Kisha tengeneza nakala ya wimbo wa besi. Ya kwanza iache safi. Nakala ikate kila kitu chini ya Hz 250, uitie ampu au mkwaruzo wa kutosha, uichanganye chini ya ile safi mpaka ukiizima uione imekosekana. Sababu ni ya kisayansi: spika ya simu haitoi Hz 41, lakini mkwaruzo unaimarisha vizidisho vyake (mitetemo iliyo mara mbili, mara tatu na zaidi), Hz 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio likivisikia vya juu linajikamilishia lenyewe kimo cha chini ambacho spika haikutoa. Besi inayosikika kwenye simu haina chini nyingi. Ina vizidisho vingi. Chunga tu kwamba plagini ya ampu (programu ndogo ya nyongeza) inaweza kuchelewesha nakala kidogo. Geuza upande wa wimbi kwenye nakala: ikiwa sauti inanenepa badala ya kukonda, nakala na ile safi hazikuwa zimelingana, na unapaswa kuzisogeza. Chini ya Hz 120 besi ikae katikati kabisa, bila kutanuliwa.

Kiki na besi zikigombana, kompresa ya besi inayosukumwa na kiki kwa desibeli 1 hadi 3 inatosha kwa muziki unaotaka uhalisia. Zaidi ya hapo besi inaanza kupumua, na hakuna mpigaji anayepumua hivyo.

Na ukishapendezwa, igeuze besi kuwa sauti kabla ya kuendelea na mchanganyiko wa mwisho. Sampuli za zamu zinaweza kuanza mahali tofauti kila unapotoa wimbo, kwa hiyo toleo la jana na la leo huenda yasifanane noti kwa noti.

Sasa slap. Kidole gumba kinagonga nyuzi nene za E na A, na kidole cha shahada kinavuta nyuzi nyembamba za D na G na kuziachia zigonge freti. Mgawanyo huo ndio kila kitu. Mtu anayeandika kwa kinanda huweka mvuto kwenye noti ya chini, namba 30 kwa mfano, na papo hapo haiaminiki, kwa sababu F kali hiyo iko kwenye uzi wa E pekee. Andika kwa jozi: gumba kwenye mzizi, mvuto kwenye oktava yake nyuzi mbili juu na freti mbili mbele. Gumba velositi 88 hadi 104, mvuto 95 hadi 110, na mivuto isizidi theluthi moja ya noti zote. Kati yake jaza noti bubu za gumba, velositi 50 hadi 65, kwenye nafasi za kumi na sita. Bila hizo slap inakuwa kengele. Noti ziwe fupi, milisekunde 90 hadi 140 kwa tempo ya 100, isipokuwa ile ya pigo la 1 unayoiacha ilie.

Chagua gitaa lenye nyuzi mpya. Music Man StingRay, ambayo ilianza mwaka 1976 na pikapu yake pana karibu na daraja, imejenga sehemu kubwa ya sauti hiyo, na programu nyingi zina mfano wake. Hapa kompresa ishike mapema, milisekunde 5 hadi 10, kwa kuwa vilele vya slap ni vya juu mno, kisha punguza desibeli 3 au 4 kwenye Hz 400 hadi 500. Na usitumie slap kwenye kiitikio na ubeti vyote viwili: andika ubeti kwa vidole, ingiza slap kwenye kiitikio, na uache nusu ya pigo la kimya kati yake ili mkono wa kulia upate muda wa kujigeuza.